Hodi Njiani: Nani Apishe kwenye Raundabauti Ndogo

(Mazungumzo na madereva wa daladala, vijana wa bodaboda na wanafunzi wa udereva, baada ya sala ya Alasiri, katika ukumbi wa skuli moja ya mjini Unguja.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, wazee wangu, mama zangu mliokaa upande ule, na nyinyi vijana mliobaki mlangoni kama mnaotaka kukimbia kabla sijaanza, karibuni ndani, viti vipo. Nimekutazameni mlivyokuwa mkiingia. Mmoja alisimama kidogo, akawachungulia waliomo, kisha akapita. Mwengine alimwachia njia bibi yule mwenye mtoto. Mlango wenyewe una mabawa mawili na moja limekaza, halifunguki, lakini sikuona aliyegongana mabega na mwenzake. Nusu saa kabla ya hapo, nyinyi hao hao, mkiwa juu ya magurudumu pale kwenye raundabauti ya njia nne, honi zenu nilizisikia mpaka humu ndani.

Nimeombwa niseme juu ya raundabauti ndogo. Sisemi ile ya Michenzani. Pale ukiuzunguka mnara una nafasi ya kufikiri, na ukikosea njia ya kutokea unazunguka tena, hakuna aliyekufukuza. Nasema hizi za mitaani: pipa lililopakwa rangi nyeusi na nyeupe, au matairi matatu yaliyojazwa mchanga, au duara la rangi tu ambalo mvua za masika zimeshalifuta nusu. Ndugu zetu wa bara wanaziita kipilefti, na jina hilo lina faida yake kwani linakwambia kabisa ukae kushoto. Nimefundisha udereva miaka 22. Wanafunzi wanaouogopa mnara wa Michenzani nimewaona wengi. Anayeliogopa pipa sijamwona hata mmoja, na pipa ndilo linalowakwaruza gari.

Ukimuuliza dereva wetu, pale kwenye pipa nani apite kwanza, utapata jibu moja kati ya matatu. La kwanza, aliyewahi. La pili hasemi kwa mdomo ila analionyesha kwa vitendo: mwenye gari kubwa. La tatu ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu linasemwa na watu wazima wenye leseni za miaka mingi: anayetoka barabara kubwa. Mtu amepita njia ile tangu haina lami, zamani ilikuwa barabara kubwa kweli, na wale wa vichochoroni walikuwa wakisimama kumngoja. Siku moja likawekwa pipa katikati. Yeye anaona limewekwa pambo. Kumbe siku lilipowekwa pipa, barabara kubwa ilikufa pale pale. Kwenye raundabauti njia zote ni sawa. Anayetoka uwanja wa ndege na anayetoka nyuma ya duka la mkaa, wote wawili wanafika kwenye mstari mmoja na kuulizwa jambo moja.

Jambo lenyewe ni hili: kulia kwako kuna nani?

Sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo duara letu linazunguka kama mshale wa saa unavyokwenda. Ukisimama kwenye mdomo wa raundabauti, gari itakayokuja kukutana na pua ya gari yako haiwezi kutoka pengine ila mkono wako wa kuume. Wa kushoto anakwenda zake, anakuacha. Ndiyo maana kanuni ikasema umpishe aliye kulia. Mtu akikwambia mkono wa kulia umepewa heshima kwa sababu ndio tunaolia, mwambie hiyo ni khabari ya sinia, ya barabarani ni khabari ya pua ya gari.

Ichukulieni raundabauti kama nyumba. Waliomo ndani ya duara ni watu wa nyumba. Wewe uliyefika kwenye mstari uko barazani. Mtu wa barazani hupiga hodi akangoja, hajitomi ndani akamkata njia mwenye nyumba anayetoka jikoni na sufuria ya uji wa moto. Gari iliyomo kwenye duara ina sufuria ya moto mkononi. Iache ipite, kisha ingia.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna neno tunalitumia vibaya. Tunasema "mimi nina haki ya njia". Vitabu vya udereva havikuandikwa hivyo. Sheria haimwambii mtu "pita". Inamwambia mtu "pisha". Amri ni ya yule anayetakiwa kungoja. Yule mwengine hakupewa kitu mkononi, amebakishiwa njia tu, na kama aliyetakiwa kumpisha hakumpisha, hana anachoweza kukipokonya isipokuwa kwa bati la gari yake. Nimewaona watu wenye haki zao kamili wakiwa wamelala na mguu umefungwa plasta.

Kanuni hii haikuja pamoja na raundabauti. Waingereza, ambao ndio waliotuachia kuendesha kushoto, walikuwa na raundabauti katika mji wa Letchworth tangu 1909 hivi. Wakakaa nazo zaidi ya miaka hamsini pasi na kanuni ya nani ampishe nani. Aliyeingia kwa nguvu ndiye aliyepita. Gari zilipokuwa chache, mambo yalikwenda. Zilipozidi, raundabauti zikaanza kufunga. Na mjue zinafunga vipi, kwa sababu yanatokea hapa kwetu kila siku za kuamkia Sikukuu. Anayeingia anamzuia aliyemo. Aliyemo hawezi kufika kwenye njia yake ya kutokea. Kwa kuwa hatoki, wa nyuma yake naye hatoki. Duara linajaa, kila mmoja pua yake imegusa ubavu wa mwenzake, na hakuna hata mmoja mwenye pa kwenda, hata yule mjanja aliyejitia kwanza. Ni kama mlango wa duka la nguo Darajani usiku wa Idi: wanaotaka kuingia wamewazuia wenye mifuko wanaotaka kutoka, na duka limejaa watu waliokwisha kununua.

Mwezi wa Novemba 1966 ndipo Waingereza wakaweka kanuni: anayeingia ampishe anayetoka kulia kwake. Kanuni fupi, lakini tazameni ilichokizaa. Mhandisi mmoja wa kituo chao cha utafiti wa barabara, Frank Blackmore, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Ikiwa gari zinangoja nje ya duara badala ya kungoja ndani, duara lina haja gani ya kuwa kubwa? Akaanza kukipunguza kisiwa cha katikati. Akapunguza, akapunguza, mpaka kisiwa kikawa doa la rangi nyeupe juu ya lami. Mpaka leo kipimo cha raundabauti ndogo kwao ni doa la upana wa mita 1 mpaka 4, na uwanja wote, kutoka ukingo mpaka ukingo, usizidi mita 28. Mwaka 1972, katika mji wa Swindon, raundabauti ndogo tano zilipangwa kuizunguka moja ya kati, na ile ya kati gari zinaizunguka kinyume cha saa. Ukiitazama kwenye picha utadhani mazingaombwe, lakini watu wanapita, kwa sababu kwenye kila duara dereva anaulizwa suali lile lile moja.

Nimekuelezeni haya ili mjue kwamba raundabauti ndogo ni mtoto wa kanuni. Kubwa inaweza kustahamili wakaidi wawili watatu, ina uwanja wa kuwabeba. Ndogo bila ya kupishana si raundabauti. Ni pipa katikati ya ugomvi.

Faida yake ni kubwa, na sitaki muondoke mkidhani nimekuja kuilaumu. Wahandisi wakiichora njia panda ya kawaida ya njia nne, wanahesabu mahali 32 ambapo njia za gari zinakutana au kukatana. Wakiichora raundabauti ya msitari mmoja, wanapata 8. Na gari zikigongana kwenye duara huwa zinakwenda taratibu na zinagusana kwa ubavu, hazipigani uso kwa uso. Halafu haina swichi. Wenye umri wangu mnakikumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme, tunanunua mafuta ya jenereta kwa madumu. Raundabauti haikuzimika hata siku moja.

Sasa turudi kwenye pipa letu. Udogo wake unabadilisha nini? Unabadilisha muda.

Kwenye raundabauti kubwa, aliye kulia kwako ameshaingia zamani anapokufikia. Umemwona akiingia, umemwona akizunguka, umeiona hata sura yake. Kwenye ndogo, mlango wake na mlango wako umeachana kwa hatua kumi au kumi na mbili. Akitia gurudumu tu, yuko mbele yako. Ukisema "sikumpisha kwa sababu alikuwa bado hajaingia", umesema kweli na umemgonga pia. Kwa hiyo ninawafundisha wanafunzi wangu hivi: kwenye raundabauti kubwa angalia gari, kwenye ndogo angalia mlango. Mtu akifika kwenye mlango wa kulia pamoja na wewe, mhesabu kuwa yumo.

Lakini kumpisha mtu si kumsubiri mpaka atoweke. Wapo madereva, hasa wapya, wakiona taa ya gari kwa mbali upande wa kulia wanaganda, na nyuma yao foleni inafika msikitini. Kipimo ni chepesi. Ukiingia wewe, je, yule wa kulia itabidi akanyage breki au aukate usukani? Kama ndiyo, ngoja. Kama hapana, nenda, usitutie jua.

Na yule aliye mbele yako, anayekutazama uso kwa uso? Huyu tunamsahau. Kama yeye anakwenda moja kwa moja na wewe unakwenda moja kwa moja, hamkutani, kila mmoja anapita na kushoto kwake. Piteni pamoja. Nawaona watu wanasimamishana pale bure, kama wakwe. Lakini kama yeye anakata kulia, huyo katika sekunde mbili atakuwa amelizunguka pipa na amekuja kuwa mtu wako wa kulia. Kwa hiyo iangalie indiketa yake kabla hujaangalia kitu chengine.

Nitakuhadithieni yangu. Nilikuwa kijana, naendesha lori la mchanga, na hiyo kanuni ya kulia nimeshaisoma, tena naipenda sana. Asubuhi moja nakwenda kwenye raundabauti ndogo mwendo wa kilomita sitini. Kushoto kwangu anatokea mzee kwenye vespa, nyuma amefunga tenga la samaki, anatoka mnadani Malindi. Kwake yeye mimi ndiye wa kulia. Akaangalia, mimi niko mbali kabisa, akaingia kwa adabu zake. Mimi nikasema moyoni, huyu lazima anipishe, na mguu sikuuondoa. Nilipokanyaga breki, lori la mchanga halina khabari. Nikampata kwenye gurudumu la nyuma. Yeye, alhamdulillahi, alichubuka goti tu. Samaki walisambaa lami nzima, changu, tasi, pono, na paka wa mitaa mitatu wakafika kabla ya askari.

Nikashuka nikiwa na hoja yangu tayari. "Nilikuwa kulia kwake!" Barazani palikuwa na mzee mmoja anakunywa kahawa, hakusimama hata kusimama. Akaniuliza, "Ulikuwa kulia kwake wapi?" Nikanyamaza. Akasema, "Kulia kwake ni mpaka Bububu, mwanangu. Atawapisha wote wa mpaka Bububu?"

Nikalipa samaki. Nikalipa na madigadi ya vespa. Na tangu siku ile nikifika kwenye pipa ninapunguza mwendo hata kama kushoto kwangu kumejaa watu wanaotakiwa kunipisha. Yule wa kushoto anakupisha kwa kukadiria mwendo wa mtu anayekuja kuzunguka duara. Ukija kwa mwendo wa mtu anayelivuka duara kama halipo, umemharibia hesabu yake, na kosa limegeuka lako.

Wajuaji wananiuliza, "Mwalimu, tukifika wanne kwa wakati mmoja, kila mlango na gari yake, inakuwaje?" Suali zuri. Kila mmoja ana mtu kulia kwake. Kanuni inazunguka kama duara lenyewe, haina pa kuanzia. Kwa Waswahili wastaarabu tungekaa pale mpaka Magharibi: tafadhali pita wewe, hapana bwana pita wewe. Kwa hali zetu za sasa wote wanne wanaingia. Dawa ni mmoja wenu ajitolee kumpa mwenzake. Amtazame machoni, amwonyeshe kwa mkono, wazi. Akishapita huyo mmoja, yule aliyekuwa kushoto kwake sasa kulia kwake ni kweupe, naye anaingia, kisha wa kushoto kwa huyo. Foleni inafunguka kwa mzunguko, kama kikombe cha kahawa kinavyokwenda barazani. Lakini mkono, jamani, si taa. Ukiniwashia taa za mbele mara mbili mimi sijui umeniambia "pita" au umeniambia "nakuja". Kuna watu wamegongana hapa mjini kila mmoja akiwa amemkarimu mwenzake.

Indiketa sitaichosha sana, mnaijua, ila hamuitumii. Ukikata kushoto, washa ya kushoto kabla hujafika. Ukienda moja kwa moja, usiwashe kitu unapoingia, kisha washa ya kushoto ukiipita njia iliyo kabla ya yako. Ukikata kulia, washa ya kulia tangu unakaribia, na ya kushoto ukitoka. Kwenye pipa dogo hiyo ya kutokea mara nyingi hupati nafasi ya kuiwasha, mikono yote iko kwenye usukani. Kwa hiyo ile ya kuingilia ndiyo iliyobeba khabari yote. Anayeingia bila ya indiketa halafu akakata kulia amewadanganya watu watatu kwa mpigo.

Na lizungukeni. Duara la rangi si doa la mafuta, ni kisiwa kisicho na ukuta. Limepakwa badala ya kujengwa ili gari refu, la kontena au la nguzo za umeme, lisiloweza kupinda pale, lipite juu yake. Ruhusa hiyo ni ya mtu asiyeweza. Wewe mwenye kigari chako cha milango mitatu unaweza. Kuna wengine wanafanya baya zaidi, wakitaka kukata kulia wanapita kulia mwa pipa, kinyume, ati ni hatua tano tu. Mtu huyo anatokea mahali ambapo hakuna hata mmoja anayepatazama, kwa sababu sote tumefundishwa kutazama upande mwengine.

Vijana wa bodaboda, na nyinyi wa vespa. Nakujueni, na mama zenu nawajua. Msijipenyeze kushoto mwa daladala kwenye mdomo wa raundabauti. Daladala inapokata kushoto, nyuma yake inakuja kukata njia pale pale ulipo wewe, na dereva wake anatazama kulia kama nilivyomfundisha, hawezi kukuona. Simama nyuma yake, katikati ya njia, kama gari kamili. Kwenye duara dogo hakuna nafasi ya wawili bega kwa bega, na asiyekuwa na bati ndiye anayeumia. Tena pipa si mahali pa kugeuzia chombo kurudi ulikotoka. Mwenzako aliye kwenye mlango anakukadiria wa kutoka, hakukadirii wa kurudi. Nenda mbele, tafuta mahali papana.

Wa daladala, lenu ni moja. Abiria akisema "Shusha!" umo ndani ya duara au ndio unatoka, usishushe. Hata kama ni bi mkubwa mwenye kikapu, hata kama utingo ameshapiga bati. Ukisimama kwenye njia ya kutokea, mkia wako umebaki ndani, na umeuziba ule mlango ambao watu wa njia tatu wanautegemea. Peleka mbele mpaka panapofaa. Abiria atanung'unika, atatembea hatua zake, kesho atapanda tena. Na hapo pembeni mwa duara ndipo watoto wa chuo wanapovukia saa kumi jioni na misahafu yao kifuani. Dereva anayetoka kwenye duara jicho lake bado liko kulia, na mtoto yuko kushoto, mbele. Ukishaingia, rudisha macho mbele. Ile kulia imeshakwisha kazi yake.

Sasa khabari ya ndugu zetu. Nani hapa hana mtu Maskati? Nyosha mkono. Naona mikono michache sana. Oman wanaendesha kulia, duara lao linazunguka kinyume na letu, na wao humpisha anayetoka kushoto. Ramadhani moja alikuja binamu yangu, miaka thelathini yuko huko, raundabauti anazipita kwa jicho moja, akataka ufunguo wa gari yangu. Nikampa, si binamu? Tulifika kwenye raundabauti ya kwanza, akasimama vizuri kabisa kwenye mstari, akaangalia vizuri kabisa kushoto, akaingia. Nilichosoma pale ndani ya gari hakikuwa katika mtaala wa skuli ya udereva. Hakuwa mzembe. Shingo yake ilikuwa imezoea. Na hivyo hivyo Mtaliano aliyekodi vespa, kwao pia ni kulia. Ukimwona mtu kwenye mlango wa raundabauti ametazama kushoto na amekaza shingo, jua kwamba wewe wa kulia hujaonekana. Usimpigie hesabu za haki. Mngoje.

Nauona mkono pale nyuma. Ndiyo, bibi.

Anauliza gari ya ng'ombe. Naam, gari ya ng'ombe nayo ni chombo cha barabarani. Ikiwa kulia kwako unaipisha, na ikishaingia unaiachia imalize, hata ikichukua muda wa kusoma Fatiha tatu. Ng'ombe hana indiketa, lakini mwenye kumswaga ana mkono, na wengi wao wanaunyoosha kuliko madereva wa gari za milioni thelathini. Honi usimpigie. Dereva ukimpigia honi anakasirika, ng'ombe anaruka.

Na kijana yule anasema, je, askari wa trafiki akiwa amesimama pale? Mkono wa askari unaifuta kanuni ya kulia mpaka atakapoondoka. Akikwambia simama na kulia kweupe, simama. Akikwambia njoo, njoo, lakini jicho tupa vile vile, kwani si kila aliye nyuma ya mgongo wake amemwona. Na gari ya wagonjwa ikilia king'ora ukiwa ndani ya duara, usisimame humo humo. Toka kwa njia iliyo karibu, kisha kaa pembeni. Msafara wa viongozi hivyo hivyo, ingawa huo wenyewe hukuondosheni kabla hamjafikiri.

Basi. Mdomo peke yake haujamfundisha mtu gari. Huko nje kwenye uwanja wa mpira wanafunzi wangu wamechora duara kwa chokaa, la mita mbili, na katikati wameweka dumu la maji kwa sababu pipa tumelikosa. Njia ziko nne, mistari ipo. Vespa watangulie, bodaboda wafuate, daladala moja tu, ile ya mbele, isiwe na abiria. Mama zangu, kaeni pale chini ya mwembe na muhesabu kwa vidole wangapi wataingia bila ya kugeuza shingo kulia. Sheha, ufunguo wa gari yangu huu. Wewe utatokea upande wa msikiti, na leo hatukupishi kwa sababu ni sheha. Bismillahi, twende.